Filimu Nyeusi ya Rigobert

Léopoldville, 11 Februari 1957

Kwa Kambo yangu Marie-Thérèse,

Nakusalimu wewe pamoja na miguu yako yote miwili, maana najua mmoja ukipona mwingine unaanza. Ule wa kushoto umeacha kuvimba? Mimi huku niko salama. Nakula vizuri, na ndege zinaruka na kutua bila matata. Joto la Léo tu ndilo linanikumbusha baridi ya asubuhi ya Élisabethville, ile ya kunywea chai huku umejifunika blanketi lako.

Kambo, kuna jambo jipya kazini. Amekuja profesa kutoka Ubelgiji, jina lake Monsieur Casimir, mtu mwembamba mwenye sauti ya padri. Alitukusanya wote tunaofanya kazi angani, marubani kwanza, halafu sisi tunaowagawia abiria kahawa. Akasema kuna mionzi inayotoka huko mbali, kupita nyota, inashuka usiku na mchana. Ni ndugu ya ile ya radio ya hospitali inayoona mifupa. Hewa inatufunika sisi wa chini kama blanketi, lakini ukipanda juu blanketi linakuwa jepesi. Marubani wanakaa huko miaka na miaka, na sasa wanauliza mionzi hiyo inawafanya nini. Komanda Alexis, rubani wetu, mtu wa kucheka na kila kitu, siku hiyo hakucheka.

Basi kila mmoja amepewa vifuko viwili vidogo, na ndani ya kila kimoja kuna filimu iliyofungwa kwa karatasi nyeusi. Mionzi ikipita, filimu inageuka nyeusi. Kifuko cha uzi mwekundu nakivaa kifuani kila ninaporuka. Cha uzi mweupe kinatakiwa kukaa chini, nyumbani, ili profesa alinganishe. Akaniuliza nyumbani ni wapi. Nikasema kwa Kambo, bibi yangu aliyenilea. Ndicho nilichokifunga ndani ya barua hii. Kiweke pakavu, usikifungue, na nakuomba usikifue. Ni kipimo tu, kama kile wanachotia kwapani kwa mgonjwa wa homa.

Habari nyingine unaijua. Baada ya Pasaka Mzee Symphorien, baba yake Constance, atatupokea kwa mazungumzo ya posa. Ameniuliza mara mbili kama kazi ya kuruka inamfaa mwanamume anayetaka watoto. Nilimjibu kwamba mimi nagawa kahawa tu. Hakucheka, lakini wewe unajua watu wa reli.

Mimi mjukuu wako, bwana wako mdogo,
Rigobert


Élisabethville, Commune Albert, 24 Februari 1957

Kwa bwana wangu Rigobert,

Barua yako nimeisoma mwenyewe, bila kumwita jirani. Sister wa foyer, darasa letu la wanawake, anasema mimi ndiye mwanafunzi wake mzee kuliko wote na mwenye kelele kuliko wote. Mguu wa kushoto umepona. Wa kulia umeona wivu, umeanza. Kifua chako je? Huko juu unavaa fulana? Usinidanganye.

Kifuko chako nimekipokea. Kitu chenyewe kidogo hivi. Nimekigeuza huku na huku, nikasema, mionzi inayotoka kupita nyota itazuiwa na hiki? Lakini wazungu wana akili zao. Nami nimekiongezea nguvu. Nimekiweka ndani ya sanduku la babu yako Kapya, juu ya jiwe lake lile la manjano alilolitoa machimboni, lile alilokuwa akituambia ndilo shamba lake. Katikati nimetia medali yangu ya ubatizo, Bikira akiangalia juu. Kwetu kitu cha mtu aliye safarini hakiachwi peke yake, kinalala na vitu vya mkubwa wake aliyetangulia, ili amlinde. Padri hakuniuliza, nami sikumwambia.

Kuhusu Constance, nimemwona sokoni Jumamosi akinunua samaki wakavu wa Pweto. Anachagua vizuri, anawanusa kichwani na siyo mkiani. Lakini asijione amefika. Tangu siku uliyozaliwa nakuita bwana wangu, kama kila kambo kwetu anavyomwita mjukuu wake wa kiume, kwa hiyo mke wa kwanza ni mimi. Atakuja hapa, atanipikia bukari, ugali wetu, nitaikataa, ataniomba, na nikipenda nitamwachia. Nisipopenda utazeeka na mimi. Mwambie hivyo hivyo.

Ukipita hapa kwetu na ndege, njoo ule. Usilale huko uwanja wa ndege wa Luano kwenye vitanda vya kampuni.

Mke wako wa kwanza,
Kambo Marie-Thérèse


Léopoldville, 6 Mei 1957

Kambo,

Nakusalimu. Natumaini umelala vizuri na mguu umetulia. Mimi mwilini sina maumivu yoyote, na hilo ndilo jambo la ajabu, soma uone.

Tangu nilipopita kwako mwezi wa tatu nimekuwa nikifikiria wale samaki uliowapika kwa nyanya. Niliondoka nimeshiba, nikaruka na kifuko changu kifuani mpaka mwisho wa Aprili. Kile cha nyumbani ulikituma kwa posta, kikafika. Monsieur Casimir akavichukua vyote, akaingia kwenye chumba chake cha giza.

Filimu za watu wengine zote zilitoka na rangi kama maji ya kuoshea mchele. Ya Komanda Alexis pia, aliyeketi mbele yangu safari zote. Yako ya nyumbani, safi vilevile. Yangu ya kifuani ni nyeusi, Kambo. Nyeusi kama sufuria. Na katikati kuna kitu cheupe-cheupe, mviringo mfano wa yai, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, na ndani yake kivuli kama cha mtu mwenye vazi refu. Profesa ameitazama kwenye taa, ameigeuza, ametoka nje kuvuta sigara, amerudi akaitazama tena. Komanda Alexis akamnong'oneza mwenzake kwamba huenda nina kitu mwilini kinachoita mionzi.

Wamenitoa kwenye ndege. Sasa nahesabu mablanketi ghalani. Wamenitoa damu mara mbili na daktari anasema ni nzuri, lakini ananiangalia kama mtu anayesubiri habari mbaya. Abiria wasiambiwe, wamesema. Wafanyakazi wenzangu hawakuambiwa na wote wanajua.

Habari imefika Élisabethville kabla ya barua yangu. Constance ameniandikia. Baba yake amesimamisha kila kitu. Alimwambia mezani, mbele ya watoto: "Weye unataka nikupatie muntu mwenye kuungua damu? Atakuzalisha nini? Baache kwanza tuone kama ataishi." Constance anasema yeye atangoja. Kambo, mimi nampenda huyu msichana, nawe unajua sijawahi kukuambia hivyo juu ya mtu. Sijui atangoja mpaka lini, na sijui nitamwambia nini kama ni kweli nina kitu hicho mwilini.

Niandikie. Hata matusi yako nayataka.

Mjukuu wako,
Rigobert


Léopoldville, 2 Juni 1957

Kambo,

Sijapata neno lako. Kila posta inapofika naenda kusimama pale mpaka karani ananionea huruma. Kama ni mguu, mwambie jirani aniandikie mstari mmoja. Kama umekasirika, sema kwa nini.

Hapa hakuna kilichobadilika. Nimevaa kifuko kipya wiki hizi zote ghalani, na filimu imetoka safi. Profesa amechanganyikiwa zaidi. Anasema kama mwili wangu ndio unaoita mionzi, mbona umeacha?

Rigobert wako


Élisabethville, 10 Juni 1957

Kwa mjukuu wangu Rigobert,

Usinililie, mimi ni mzima kabisa, miguu na kichwa. Nyamaza kwanza usome mpaka chini, halafu ndipo ukasirike.

Barua yako ya Mei niliisoma nimesimama. Nilipofika pale pa yai jeupe katikati nikakaa chini. Nilianza kwa kufurahi, nisikufiche. Nikasema, ni Bikira, ametokea kifuani kwa mtoto wangu, amemkinga. Nikataka kukimbia parokiani. Halafu nikaenda kwanza kufungua sanduku la babu yako, nikaitazama medali yangu pale ilipolala juu ya jiwe, na yai lile ni yeye, ukubwa uleule, kichwa na vazi. Bikira hakutokea popote. Alikuwa ndani ya nyumba yangu wakati wote.

Ulipokuja mwezi wa tatu ukaenda kuoga uani, shati lako likabaki kwenye kiti na kifuko cha uzi mwekundu kimeshikizwa. Nikakiangalia, nikaona kimechoka, kimepigwa na mionzi yote ile ya safari. Na hapa ndani kulikuwa na chenzake kilichokwisha kulala na babu yako wiki nzima nzima, kimepata nguvu. Ungefanya nini, ungekuwa mimi? Nikatoa filimu zote mbili pamoja na karatasi zake nyeusi, ile yenye nguvu nikaitia kwenye uzi mwekundu, iliyochoka nikaiweka kwenye uzi mweupe, nikaitundika jikoni ipumzike, mbali na sanduku. Ukatoka kuoga unaimba. Nikakupakulia samaki.

Ulikuwa umeniambia ni kipimo. Nilisikia. Lakini kitu cha kushikiza kifuani kwa mtu anayekwenda hatarini, Rigobert, mimi katika maisha yangu sijaona kikiwa kitu kingine isipokuwa kinga.

Basi weusi ule siyo wa mbinguni. Ni wa jiwe la Kapya, na yai ni pale medali ilipolizuia.

Sasa nikuambie kwa nini nilinyamaza. Babu yako alilitoa jiwe lile machimboni ndani ya mfuko wake wa tumbako, na walinzi pale mlangoni walikuwa wanawavua watu hata viatu. Hakuwa mwizi. Alichimba miaka yote ile, akasema anataka kuzeeka na kipande kimoja cha mawe aliyoyachimba, basi. Alipokufa, kampuni ilichukua nyumba, taa na makoti. Mimi nilibaki na jiwe. Nikiandika kwa profesa, nikasema liko kwangu, wataliita la wizi, na jina lake litakuwa la mwizi, naye hayupo kujibu. Nikakaa na jambo hilo. Nikalifunga jiwe kwenye kitenge, nikalifungua, nikalifunga tena. Nilimpenda yule mwanamume, na sikuwa na kitu chake kingine cha kushika mkononi.

Halafu nikamwona Constance kwenye misa, amekonda. Akanipigia goti kama kawaida na hakuniomba neno lolote. Ningependa angeniomba, ningepata sababu ya kumgombeza.

Mwambie profesa. Mwambie kila kitu, na jiwe aje alichukue. Ila muulize kwanza kuhusu jina la Kapya.

Kambo yako


Léopoldville, 19 Juni 1957

Kambo, mke wangu wa kwanza, mwenye wivu kuliko wote,

Nakusalimu na ninacheka, na nilipokuwa nasoma pale kwenye kiti na shati nililia pia, karani wa posta ni shahidi.

Nilimpelekea Monsieur Casimir barua yako, nikamfasiria neno kwa neno. Alisimama. Akaichukua filimu, akaiweka kwenye taa, akatazama lile yai, akaanza kucheka polepole mpaka akavua miwani. Akasema mwezi mzima amekuwa akitafuta ni mionzi gani kutoka nyota inayochora mwanamke mwenye vazi refu. Alimwita Komanda Alexis, na komanda naye alipoelewa alinikumbatia mbele ya watu, kisha akaomba msamaha kwa maneno yake ya siku ile. Anasema anataka kukuona.

Sasa sikiliza vizuri, hapa profesa hakucheka. Jiwe lile lina mionzi kuliko mbingu yote tuliyopita. Usilishike tena kwa mkono, na leo hii litoe chumbani unakolala, liweke mwisho wa uani, mbali na kisima. Mwalimu mmoja wa chuo kipya cha hapo kwenu atakuja na sanduku la madini ya risasi, yale yanayozuia mionzi, kulichukua, na atakupeleka kwa daktari akutazame damu. Usibishane na daktari.

Kuhusu babu, nilimuuliza kama ulivyosema. Alinijibu kwamba kwenye karatasi zake ataandika tu kwamba jiwe limetolewa na mjane wa mchimbaji kwa ajili ya elimu, na kwamba hana haja ya kujua mlango liliopitia. Alisema hivi, nakuandikia kama alivyotamka: "Mwambie Bibi kwamba mume wake alikuwa na jicho zuri. Ni kipande safi."

Na marubani? Filimu zao zimesomwa zote. Wanapata zaidi kidogo kuliko sisi tunaokaa chini, siyo kiasi cha kumtoa mtu kazini. Profesa anasema dunia yetu ni sumaku, inaisukuma mionzi mingi iende kaskazini kabisa na kusini kabisa, na sisi wa katikati tunapata makombo. Ndege mpya zitakazoruka juu zaidi, na zile za huko kwenye barafu, hizo ndizo za kuendelea kupimwa. Komanda Alexis amelala usingizi, mke wake amesema.

Jumatatu narudi angani. Imebaki kwa Mzee Symphorien. Nimeandika barua tatu, nimezichana zote. Yeye hasadiki karatasi.

Bwana wako mdogo,
Rigobert


Élisabethville, 22 Julai 1957

Kwa Rigobert,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Damu yangu ni nzuri, daktari amesema, na amesema tena nirudi kila baada ya miezi kadhaa. Alikuwa mtoto mdogo, mikono baridi. Chumba nimekifungua madirisha, nimekifagia, nimepaka chokaa upya.

Mwalimu wa chuo alikuja na sanduku lake la risasi, watu wawili wakalibeba. Aliponiambia nisiliguse jiwe nilisema ndiyo, na nilikuwa nimekwisha kuliaga asubuhi kwa mbali, kutoka mlangoni. Nililia, nakuambia wazi. Gari lilipoondoka nikaingia ndani nikalala mpaka jua likazama, na nilipoamka nilikuwa na njaa.

Kesho yake nikavaa kitenge kizuri, nikaenda kwa Symphorien. Sikutuma mtu. Nilimkuta uani anatengeneza baiskeli. Nikakaa, nikamwambia yote, shati, uzi mwekundu, jiwe, Bikira. Hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza. Kisha akasema: "Mama, ngoja. Ile libwe weye ulikuwa unalala nayo mu chumba?"

Nikasema, "Njo vile. Chini ya kitanda, tangu bwana yangu alikufa."

"Miaka yote?"

"Yote."

"Na hauna mugonjwa?"

"Iko mguu tu," nikasema, "na hii mguu ilianza zamani, mbele ya libwe kuingia mu nyumba."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka kwenye viatu. Akaweka chini spana. Na yule mtu wa reli, ambaye hata siku ya sikukuu anakula kimya, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mke wake akatoka jikoni kuuliza kama kuna aliyekufa. Akanifanya niseme yote tena kwa ajili yake, na safari hii alikuwa ananikumbusha mahali nilipoacha. Mwishoni akafuta macho, akasema: "Kama ile libwe haikuweza huyu mama, mbingu itaweza mujukuu wake? Bakuje. Baje bote, tutakula." Amesema mwezi wa tisa, Jumamosi ya kwanza. Umwandikie komanda wako akupe ruhusa.

Jumapili Constance akaja kwangu peke yake, na unga wake, na samaki wa Pweto aliowachagua mwenyewe. Akapika. Nikakaa na mgongo wangu kwake, kama inavyotakiwa. Akaniletea bukari, nikaisukuma. Nikasema ni mbichi. Akaomba. Nikasema huyu bwana nimemlea kwa mikono hii, siwezi kumpa mtu asiyejua kusonga. Akaomba tena, na safari hii sauti ikamkatika, nikaona hachezi, amebeba woga wa miezi yote hii na hakuwa na pa kuuweka. Basi nikageuka kabla ya wakati wake. Nilitakiwa kukataa mara tatu, nikashindwa. Nikala yote, nikapangusa sahani kwa kidole. Ilikuwa nzuri, usimwambie ilikuwa nzuri sana.

Nikamshika mkono nikamwambia, mchukue, ni wako. Akalia, nami nikalia, tukaosha vyombo.

Kwa hiyo nimekuachia, Rigobert. Usiniite tena mke wako mbele yake. Mimi nimeondoka kwenye mambo hayo, nina viti vya kuazima na kuku wa kutafuta. Njooni mapema nyote wawili mnisaidie.

Kambo yenu,
Marie-Thérèse